Ibn Sumeyt na Bakathir: Usuhuba wa Wanavyuoni Wawili wa Unguja

Nyaraka za serikali ya Unguja za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zinawataja makadhi kwa vyeo vyao, mishahara yao na hukumu zao. Nani alimpenda nani, na kwa ajili ya nini, hazisemi. Ndiyo maana historia ya elimu ya dini Unguja, ikiandikwa kwa kutegemea nyaraka hizo peke yake, humfanya Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeyt aonekane kama mtumishi wa Sultani, na Sheikh Abdalla bin Muhammad Bakathir asionekane kabisa. Hali wanafunzi wao hawakuweza kumtaja mmoja bila ya mwenziwe.

Wawili hawa walikuwa karibu rika moja. Bakathir alizaliwa Lamu mwaka 1860. Ibn Sumeyt alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Lakini asili zao zilitofautiana. Ibn Sumeyt alikuwa sharifu, mwana wa Sayyid aliyetoka Shibam, Hadhramaut, akafanya biashara katika pwani hii. Bakathir naye, ingawa ukoo wake ulitoka Hadhramaut pia, hakuwa sharifu, na katika mji kama Lamu tofauti hiyo ilikuwa nzito: iliamua nani hubusiwa mkono na nani hubusu.

Ibn Sumeyt alishika ukadhi ujanani mwake, zama za Sayyid Barghash, kisha akaondoka kwenda Istanbul, akarejea Unguja mwaka 1888. Bakathir alihamia Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1890, hali amekwisha kusoma Lamu na Makka. Hapo mtu mzima, mwanachuoni aliyekwisha kuiva, alikubali kuketi kama mwanafunzi mbele ya mtu aliyemzidi yeye kwa mwaka mmoja wa umri. Anayeyatazama haya kwa macho ya leo huenda akaona unyenyekevu wa daraja tu. Kwa watu wa njia ya Alawiyya, hata hivyo, adabu ndiyo iliyokuwa lugha ya mapenzi. Aliyependa alisoma kwa ampendaye.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ni safari ya Hadhramaut ya mwaka 1897. Ibn Sumeyt alikuwa amekwisha kwenda huko kabla yake, na safari ya Bakathir ilikuwa na mkono wake. Bakathir alifika Sayun na Tarim, akawazuru masharifu walio hai na makaburi ya waliotangulia, akaomba ijaza, yaani idhini ya kusoma na kusomesha, kwa mashekhe wakubwa wa zama zile, miongoni mwao Sayyid Ali bin Muhammad al-Hibshi. Aliiandika safari hiyo kwa Kiarabu. Anayekisoma kitabu hicho akitafuta habari za bei, njia na siasa hupata kidogo. Kimejaa majina ya watu, dua walizomwombea na vitabu alivyosoma mbele yao. Kwa hakika Bakathir alikuwa akizifuata nyayo za sahibu yake, ili wawe wamekunywa katika kisima kimoja.

Baada ya kurudi waligawana kazi bila ya kugawana wanafunzi. Ibn Sumeyt alihukumu na kusomesha. Bakathir alisomesha Ukutani, na sifa zake zikafika mbali hata akasafiri mpaka Cape Town, kabla tu ya vita vya 1914, kuwasuluhisha Waislamu wa huko waliohitilafiana juu ya sala ya Ijumaa. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alisoma kwa wote wawili.

Mengi ya haya yamehifadhiwa na Sheikh Abdalla Saleh Farsy katika kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafii, kilichochapwa Mombasa mwaka 1972. Farsy huandika kwa mapenzi, na mapenzi hayana budi kupimwa. Lakini bila ya mapenzi hayo habari hizi zingalipotea.

Wote wawili walifariki mwaka 1925. Ibn Sumeyt, aliyefariki tarehe 7 Mei, alizikwa Malindi, kando ya Msikiti wa Ijumaa. Darasa la Ukutani liliendelezwa na Abubakar, mwana wa Bakathir. Na Umar, mwana wa Ibn Sumeyt, baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Unguja.