Mbio za ngalawa Tanga: mchezo wa pwani unaohitaji vijana wa pwani na wa Usambara

Mkoa wa Tanga una sura mbili. Upande wa ndani ipo Milima ya Usambara, ambako mji wa Lushoto uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki ipo Bahari ya Hindi, kuanzia Mkinga hadi Pangani. Sura hizo zimeunganishwa na maji. Mto Zigi, unaotoka katika misitu ya Amani, hulihudumia Jiji la Tanga kwa maji kabla ya kuingia baharini, na Mto Umba huanzia katika msitu wa Shagayu wilayani Lushoto na kuifikia bahari upande wa Kenya, karibu na Vanga.

Hata hivyo, kijana aliyezaliwa Lushoto anaweza kumaliza masomo yake bila kupanda chombo cha tanga hata mara moja. Jambo linalostahili kuzingatiwa zaidi ni kwamba hali hiyo sasa inamfikia pia kijana wa pwani, na pamoja nayo mchezo wa kuendesha ngalawa unapoteza warithi.

Chombo na maarifa yake

Ngalawa ni mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja, aghalabu la mwembe, na kuwekewa pande zote mbili mbao zinazoelea ili usipinduke. Husukumwa na tanga moja la pembe tatu linalofungwa kwenye foromali na kupandishwa mlingotini. Misimu ya safari hufuata pepo mbili kuu: kaskazi, inayovuma takribani kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, inayotawala katikati ya mwaka.

Kuendesha ngalawa si suala la nguvu pekee. Nahodha hana budi kusoma rangi ya maji ili aepuke miamba, kujua saa za kujaa na kupwa, na kumudu kwenda bisho, yaani kupanda upepo kwa kukata kona kushoto na kulia hadi afike anakokusudia. Maarifa haya hayapatikani kwa maelezo ya mdomo peke yake; huingia mwilini kwa mazoezi ya miaka mingi, na huingia kwa urahisi zaidi utotoni.

Kwa nini mchezo unafifia

Kwa vizazi vingi, mbio za ngalawa hazikuhitaji shule wala kocha. Kazi ya uvuvi ndiyo iliyokuwa shule. Mtoto alianza kwa kuchonga kingalawa cha kuchezea ufukweni, akapanda chombo cha baba au mjomba kama mtoa maji, kisha akashika kamba ya tanga, na hatimaye usukani. Siku ya sikukuu, mabaharia waliovua pamoja juma zima walishindana kwa vyombo vilevile vya kazi.

Mnyororo huo umelegea kwa sababu kadhaa. Injini za mashua zimepunguza ulazima wa kujua upepo. Vyombo vya plastiki ngumu na vya mbao vinachukua nafasi ya magogo ya kuchonga. Watoto wa wavuvi wako darasani katika saa ambazo babu zao walikuwa baharini, jambo ambalo ni mafanikio ya elimu na halipaswi kurudishwa nyuma. Aidha, vijana wengi wanaomaliza shule hutafuta kipato mijini.

Kwa maneno mengine, kazi imeacha kufundisha mchezo. Iwapo mchezo hautajifundisha wenyewe, kwa utaratibu uliopangwa, utabaki kwa wazee.

Suala la mti

Sababu nyingine inagusa misitu. Ngalawa ya kawaida ina urefu wa mita tano hadi saba, hivyo inahitaji gogo nene na lililonyooka, na miembe ya ukubwa huo si rahisi kupatikana. Misitu ya asili ya Usambara haiwezi kuwa jibu. Msitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na Magamba, jirani na mji wa Lushoto, nao una hadhi hiyo. Misitu hiyo ni chanzo cha maji ya mkoa na makazi ya viumbe wasiopatikana kwingine duniani.

Njia iliyo wazi ni kutumia vyombo vidogo vya mafunzo vinavyoundwa kwa mbao. Mfano unaofahamika duniani ni mashua ya Optimist, iliyosanifiwa na Mmarekani Clark Mills mwaka 1947 huko Clearwater, Florida. Ina urefu wa mita 2.3, uzito wa kilo 35 na tanga moja, na huendeshwa na watoto wasiozidi miaka 15. Ilibuniwa ili iundwe kwa gharama ndogo kutokana na mbao za plaiwudi. Kazi ya namna hiyo haimzidi seremala wa Tanga au Lushoto, wilaya yenye shamba la miti la Shume na mafundi waliozoea mbao za miti ya kupandwa. Mtoto aliyejifunza upepo katika mashua hiyo huhamia kwenye ngalawa akiwa na msingi.

Mifano ya karibu

Afrika Mashariki ina uzoefu wa kuutunza mchezo huu. Lamu, ambayo mji wake wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, hufanya mashindano ya majahazi wakati wa tamasha lake la utamaduni. Zanzibar imeyahusisha mashindano ya vyombo vya tanga na Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, lililoanza mwaka 1998. Jijini Dar es Salaam, klabu ya mashua ya Msasani imekuwapo tangu 1933, na Tanga nayo ina klabu yake Raskazone.

Mashindano ya sikukuu, hata hivyo, huwaonyesha mabaharia waliokwisha kuiva, hayawazalishi wapya. Kinachozalisha wapya ni mafunzo ya kila juma, kwa mtoto wa kike na wa kiume. Michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, imejengwa zaidi juu ya soka, netiboli, riadha na michezo mingine ya uwanjani. Shule zilizo kando ya bahari zina uwanja wa pili ambao haujatumika vya kutosha.

Kuogelea kwanza

Hatua ya kwanza si tanga bali kuogelea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi wao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Umoja wa Mataifa umeitenga Julai 25 kila mwaka kuwa siku ya kuzuia vifo hivyo. Kila anayepanda chombo anapaswa kuvaa jaketi okozi, na wamiliki wa vyombo vidogo wanapaswa kuzingatia masharti ya usajili na ukaguzi yanayosimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC).

Hapa ndipo vijana wa milimani wanapopata nafasi sawa. Zamani, aliyezaliwa mbali na bahari hakuwa na mlango wa kuingilia, kwa kuwa mchezo ulirithiwa ndani ya familia za wavuvi. Mafunzo yakianza upya kwa kuogelea, jaketi okozi na mashua ndogo, mtoto wa Lushoto anayeshuka Tanga wakati wa likizo huanza hatua moja na mwenzake wa Pangani.

Muda wa kufanya hivyo haujapita, lakini una kikomo. Manahodha wanaojua kwenda bisho bila injini bado wapo katika vijiji vya pwani. Maarifa yao yataendelea iwapo watapewa wanafunzi wangali na nguvu za kushika usukani.