Kwa nini video zetu ni fremu 25? Jibu liko kwenye stima

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilizidi. Leo tuache programu kando, tuongee historia.

Binamu yangu aliniletea hapa Kabiro video ya harusi yake niihariri. Kamera ilitoka Marekani. Nikaunganisha kompyuta na monita ya studio, ya zamani, niliyoazima ili nione rangi vizuri. Giza tupu. Waya ni mzima, stima ipo. Nilihangaika sana kabla ya kutazama namba moja: video ilikuwa ya fremu 29.97 kwa sekunde, na monita ile inakubali 25 tu.

Namba hizi zilitoka wapi? Kwenye stima! Uingereza ilipoanza matangazo ya kawaida ya televisheni mwaka 1936, stima yake ilikuwa ya mizunguko 50 kwa sekunde. Picha isipoenda sambamba na stima, vivuli hutembea kwenye skrini. Basi wahandisi wakachagua nusu-picha 50, yaani fremu kamili 25. Marekani stima ni mizunguko 60, wakachukua fremu 30. Mwaka 1953 walipoongeza rangi, mawimbi ya rangi yangegongana na ya sauti, wakapunguza kasi kidogo: 30000 kugawanya kwa 1001. Ndiyo hiyo 29.97.

Sisi tulirithi stima ya Mwingereza. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, mtambo wa kwanza ukiwa katika nyumba ya shambani kule Limuru. Rangi zilikuja baadaye kwa mfumo wa PAL, alioubuni Mjerumani Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, nao ukabaki na fremu 25. Zanzibar walitutangulia kwa rangi mapema miaka ya 1970, nao pia kwa PAL. Kenya ilizima analojia mwaka 2015, lakini stima ni ile ile ya 50.

Turudi kwa harusi. Niliilazimisha video iwe 25 na monita ikawaka. Lakini hapo karibu fremu 5 hutupwa kila sekunde. Nyanya akiinua mkono kuwabariki maharusi, mkono unaruka-ruka. Tulimzika Nyanya mwezi uliofuata, na hiyo ndiyo video pekee tuliyo nayo akiongea. Nikairudisha 29.97 kama ilivyorekodiwa, nikahariri kwenye skrini ya kompyuta, monita nikairudisha kwa mwenyewe.

Mkono sasa unakwenda vizuri. Kitu kimoja kilinishinda: taa za tyubu za ukumbini hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kamera ilikuwa na shata ya 1/60. Mikanda ya giza inapita usoni mwa Nyanya, na sikuweza kuiondoa yote.

Kwa hiyo, ukiletewa kamera kutoka Marekani, ingia kwenye menyu KABLA ya sherehe: weka PAL, fremu 25, shata 1/50. Na wenzangu waandika programu, msiandike 30 mahali pa 30000/1001. Kwa saa moja tu, sauti na picha zitaachana kwa sekunde 3.6, na mtu ataonekana anaongea kabla au baada ya maneno yake.

Haya, tukutane tena hivi karibuni.