Picha namba 51 na makala ambayo haikutoka

James Watson alipofariki Novemba 2025, akiwa na miaka 97, niliombwa aya nne za haraka haraka. Nikaandika kama tunavyoandika wote: Watson na Francis Crick waligundua umbo la DNA mwaka 1953 baada ya kuchungulia picha ya Rosalind Franklin bila ruhusa. Ikatoka, jina langu likiwa limeondolewa (hilo nimeshalizoea, tuliache). Kilichoniuma ni kwamba baadaye nilikaa kuisoma habari yenyewe kwa utulivu, nikakuta nimewauzia watu nusu hadithi.

Basi tuanze mwanzo. Franklin alifika King's College, London, mwaka 1951. Alikuwa bingwa wa eksirei: unapiga mionzi kwenye uzi wa DNA, inatawanyika, nawe unasoma madoa kwenye filamu ili ujue umbo la kitu usichoweza kukiona. Mei 1952 yeye na mwanafunzi wake Raymond Gosling walipata picha iliyopewa namba 51. Kuipiga tu kulichukua zaidi ya saa 60. Madoa yake yamekaa kama herufi X, na kwa anayejua kuyasoma, hiyo ni dalili ya kitu kilichojizungusha kama uzi wa skrubu.

Januari 1953 mwenzake wa hapo King's, Maurice Wilkins, alimwonyesha Watson picha hiyo bila Franklin kujua. Hadithi nyingi huishia hapo. Lakini jamani, picha peke yake isingetosha! Kilichomsaidia Crick zaidi ni ripoti ya kazi za King's, yenye vipimo vya Franklin, aliyoipata kupitia Max Perutz. Haikuwa ripoti ya siri, ila hakuna aliyejisumbua kumuuliza mwenye vipimo. Humo Crick aliona kwamba nyuzi mbili za DNA zinakwenda kinyume, moja ikipanda na nyingine ikishuka.

Vikabaki vidato vya ngazi. Viko vya aina nne: adenini, thaimini, guanini na sitosini. Erwin Chargaff alishaonyesha kwamba kiasi cha A hulingana na T, na G na C. Tarehe 28 Februari Watson, akipanga vipande vya kadibodi mezani, aliona A ikishikana na T upana wake ni sawa kabisa na wa G na C.

Na hapa ndipo penye utamu. Kama A humshika T tu, na G humshika C tu, basi ukijua upande mmoja umeshajua na wa pili. Seli inapojiandaa kugawanyika, ngazi hufunguka katikati kama zipu, na kila nusu hujengewa mwenzake mpya kidato kwa kidato. Mwisho zinakuwa ngazi mbili, kila moja na uzi wa zamani na uzi mpya. Wewe unayesoma hapa ulianza kama seli moja, na jozi zako bilioni kadhaa zimenakiliwa hivyo hivyo hadi leo. Katika makala yao ya Nature, 25 Aprili 1953, jambo zito kama hilo walilidokeza kwa sentensi moja tu.

Sasa hiyo nusu ya pili. Mwaka 2023 Matthew Cobb na Nathaniel Comfort waliandika kuhusu rasimu waliyoikuta kwenye nyaraka za Franklin huko Churchill College, Cambridge. Iliandikwa mwaka 1953 na Joan Bruce, mwandishi wa habari wa London, kwa ajili ya jarida la Time. Mwenzetu kabisa, hata alimpelekea Franklin aikague. Ndani yake hakuna mwizi wala aliyeibiwa. Kuna timu mbili, Wilkins na Franklin huku, Watson na Crick kule, wakilikabili fumbo moja.

Time haikuichapisha. Mwaka 1968 Watson akatoa kitabu chake, The Double Helix, Franklin akiwa humo "Rosy", mwanamke mkali asiyeelewa data zake mwenyewe. Daftari zake za Februari 1953 zinaonyesha alishafika kwenye nyuzi mbili. Simsafishi Watson hata kidogo. Ila mimi nami, kwa kumlilia Franklin kama mtu aliyeporwa picha tu, nilikuwa narudia hadithi ya Watson.

Franklin hakuwepo kukijibu kitabu hicho. Saratani ya ovari ilimuua 16 Aprili 1958, akiwa na miaka 37. Nobel ya 1962 wakapewa Watson, Crick na Wilkins.

Ushahidi wa ile zipu ulichapishwa Julai 1958. Matthew Meselson na Franklin Stahl (huyu Franklin mwingine) walikuza bakteria kwenye nitrojeni nzito, wakawahamishia kwenye nyepesi. Baada ya kugawanyika mara moja, DNA yao yote ilikuwa ya uzito wa kati: uzi mmoja wa zamani, mmoja mpya. Rosalind alikuwa na miezi mitatu kaburini.

Nimeomba zile aya nne zisahihishwe. Sijajibiwa bado.