Grisi ya Liemba

Kigoma hadithi ya grisi inajulikana. Uliza bandarini kwa nini MV Liemba imedumu hivi, utaambiwa Wajerumani waliipaka mafuta kabla ya kuizamisha. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fizikia, nasomea tando nyembamba, kwa hiyo siwezi kuisikia hadithi hii na kupita tu. Inadai kwamba utando mmoja ulishindana na maji kwa miaka minane, ukashinda.

Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku hadi Dar es Salaam, kisha ikaletwa kwa reli. Iliingia majini Kigoma mwezi Februari 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Tarehe 26 Julai 1916, Wabelgiji wakikaribia, mainjinia wake walizipaka injini grisi nzito na kuizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Wabelgiji waliiibua baadaye, ikazama tena. Waingereza waliitoa mwaka 1924, wakakuta injini na boila bado zinafaa. Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Sasa, kutu haihitaji maji peke yake. Inataka na oksijeni. Katika vilindi vya Tanganyika, chini ya mita mia moja au mia mbili hivi, oksijeni haipo kabisa. Lakini meli haikulala huko. Ililala kwenye maji ya pwani, ambako oksijeni ipo. Kilichosaidia ni kwamba maji yale hayana chumvi ya bahari, tena yana ubesi kidogo, na chuma huliwa polepole katika maji ya namna hiyo. Hadithi inataja injini, haitaji ubavu wa meli, na bado ubavu ule ule uliendelea kuelea. Kwa maoni yangu, ziwa linastahili sehemu kubwa ya sifa.

Grisi ina yake pia. Bamba la ubavu likipoteza sehemu ya milimita, meli haijali. Pistoni ikipoteza kiasi hicho hicho, injini imekwisha, maana kazi yake yote inafanyika pale juu kwenye uso wake. Utando una thamani mahali ambapo uso ndio kifaa chenyewe.

Hapo ndipo maabara yetu inapoanzia. Mwaka 1852 William Grove aliona metali ikihama kutoka kwenye elektrodi na kutanda kando yake ndani ya chombo chenye gesi hafifu. Siku hizi tunafanya hivyo kwa makusudi: ayoni za argoni zinasukumwa kwa volti elfu moja hivi, zinagonga bamba ndani ya ombwe, na atomi zinazobanduka zinatua kwenye kioo. Ukiyeyusha metali tu na kuacha mvuke wake utue, atomi zinafika zimechoka, na utando unaota kama mahindi shambani, wenye nafasi katikati ambamo unyevu hupenya. Zilizobanduliwa na ayoni hufika na nishati mara kumi au zaidi. Zinasogea, zinajipanga, zinashika. Utando unakuwa mzito karibu sawa na kitu chenyewe kikiwa kizima, hata kama unene wake ni sehemu ya elfu kumi ya milimita.

Gharama yake ni mkazo. Atomi zilizobanwa sana husukumana, na utando mnene kupita kiasi hujikunja na kubanduka wenyewe. Kazi pia ni ya polepole mno. Hata hivyo vioo vya LIGO, vilivyonasa mawimbi ya mvutano Septemba 2015, vilipakwa kwa njia hii.

Grisi haikuwa na mkazo wowote. Ilikuwa laini, iliziba kila ufa, na mtu mwenye tambara aliweza kuifuta. Injini zile za mvuke ziliendelea kuiendesha Liemba hadi miaka ya 1970, zikaja kubadilishwa na za dizeli.