Kijibomba cha sikioni: historia ndefu ya tundu dogo

Anayeteremka kwa gari kutoka Machame kuja Bomang'ombe huhisi masikio yakiziba njiani. Akimeza mate, yanazibuka. Kazi hiyo hufanywa na mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua hadi kwenye chumba kidogo kilicho nyuma ya ngoma ya sikio. Mtu akimeza au akipiga mwayo, mrija hufunguka, hewa hupita, na shinikizo la ndani hulingana na la nje. Daktari wa Italia, Bartolomeo Eustachi, aliueleza mrija huo katika karne ya 16, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Kwa mtoto mdogo, mrija huu ni mfupi na umelala karibu usawa. Mafua yasiyokwisha na nyama za puani zilizovimba huuziba kwa urahisi. Moshi wa sigara ndani ya nyumba nao huongeza hatari. Mrija ukiziba, hewa iliyobaki ndani hunyonywa na mwili, na mahali pake hujaa majimaji ambayo yakikaa muda mrefu hugeuka ute mzito wa kunata kama gundi. Mara nyingi hakuna usaha, homa wala kilio cha usiku. Usikivu ndio hupungua, kwa kawaida desibeli 20 hadi 30, kiasi cha kumfanya mtoto akose mengi ya yale mwalimu anayosema akiwa ameelekea ubaoni.

Ndiyo maana ugonjwa huu humuumiza mtoto mara mbili. Kwanza hasikii vizuri, kisha anagombezwa kwa kutosikia. Nyumbani ataambiwa ana kiburi, shuleni ataonekana mzito wa kuelewa.

Jaribio la kwanza lililotangazwa sana la kuutibu uziwi kwa kutoboa ngoma ya sikio lilifanywa London na Astley Cooper, mpasuaji wa Hospitali ya Guy's. Mwaka 1801 aliieleza Royal Society jinsi alivyowatoboa wagonjwa ambao mrija wao ulikuwa umeziba, na baadhi yao wakasikia papo hapo. Alitunukiwa Medali ya Copley. Sifa hiyo ilizaa balaa, kwa sababu wapasuaji wengine walianza kumtoboa kila kiziwi, hata yule ambaye tatizo lake lilikuwa kwenye mshipa wa fahamu, ambako tundu halisaidii lolote. Matokeo yakawa mabaya na tiba ikapoteza heshima. Hata kwa wale waliostahili kutobolewa, ngoma ya sikio ilijiponya ndani ya siku chache na tundu likaziba.

Shida ikawa namna ya kuliacha tundu wazi. Katika karne ya 19 watu walijaribu vitu vingi, hata kijibomba cha dhahabu. Adam Politzer wa Vienna, mmoja wa waasisi wa tiba ya masikio, alitengeneza kipete cha mpira mgumu miaka ya 1860 na kukipachika kwenye ngoma. Vipete hivyo viliziba au vilitoka vyenyewe, na wazo lile likawekwa kando kwa miongo mingi.

Aliyelifufua ni Beverly Armstrong, daktari wa Charlotte, North Carolina, mwaka 1954. Alitumia kijibomba cha plastiki ya vinili, kitu ambacho Politzer hakuwa nacho. Antibayotiki zilikuwa zimeingia hospitalini miaka ya 1940 na kupunguza vifo vya watoto kutokana na maambukizi makali ya sikio, na sasa madaktari waliona kwa wingi tatizo la kimyakimya la majimaji yasiyokauka. Baadaye umbo likaboreshwa, likawa la kipete chenye kingo mbili, moja ndani ya ngoma na nyingine nje, ili kisidondoke upesi. Hicho ndicho wengi wanachokiita gromiti.

Upasuaji wenyewe ni mfupi. Mtoto akishalazwa usingizi, daktari huchungulia sikio kwa darubini na kuchana ngoma kidogo sana, milimita chache tu. Hunyonya ute kwa kijipampu, kisha hutia kijibomba chenye tundu la milimita moja hivi. Kuanzia hapo hewa huingia kupitia tundu hilo badala ya mrija ulioziba. Gromiti ya kawaida hukaa miezi 6 hadi 18, kisha ngoma huisukuma nje yenyewe na jeraha kufunga.

Urahisi huo ulifanya upasuaji huu uenee kupita kiasi. Marekani peke yake, mwaka 2006, watoto 667,000 wenye umri chini ya miaka 15 walitiwa vijibomba. Hata hivyo, mwaka 2001 Jack Paradise na wenzake wa Pittsburgh walikuwa wamechapisha utafiti uliogusa msingi wa desturi hiyo. Watoto 429 wadogo waliokuwa na majimaji sikioni waligawanywa kwa kura: wengine walitiwa vijibomba mara moja, wengine walisubirishwa hadi miezi 9. Walipofika miaka 3, makundi hayo mawili hayakutofautiana katika lugha wala akili. Kwa wengi, majimaji hukauka yenyewe. Siku hizi miongozo inataka kusubiri miezi 3 huku usikivu ukipimwa, na kumpasua yule ambaye majimaji yamegoma kuondoka na usikivu wake umeshuka.

Kuna sababu ya kutokimbilia kisu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa pia mwaka 2001 ulionyesha kwamba gromiti za muda mfupi huacha tundu lisilofunga kwa takribani watoto 2 katika kila 100, na zile ndefu za kukaa miaka kwa takribani 17. Wengine hupata makovu meupe kwenye ngoma, ambayo kwa kawaida hayapunguzi sana usikivu. Sikio kutoa majimaji au usaha ni jambo la kawaida zaidi. Mara chache ngozi huota mahali isipotakiwa nyuma ya ngoma na kula mifupa midogo ya sikio. Hilo huhitaji upasuaji mkubwa.

Huku Kilimanjaro, mzazi wa Bomang'ombe huanzia Hospitali ya Wilaya ya Hai, na rufaa yake huelekea KCMC mjini Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Masikio ya watoto wa hapa si mageni kwa watafiti: mwaka 1995 Bastos na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wa Moshi na Monduli. Mwaka uliofuata Minja na Machemba waliripoti kwamba pembezoni mwa Dar es Salaam karibu wanafunzi 9 katika kila 100 walikuwa na sikio sugu la usaha, dhidi ya 1 hivi mjini. Pengo hilo linadokeza kwamba ngoma za masikio hutoboka zaidi kwa ugonjwa uliochelewa kutibiwa, mbali na daktari. Na gromiti bila kliniki ya kuifuatilia ni hatari mpya.

Mzazi wa mtoto mwenye kijibomba ashike tarehe zake za kliniki. Kuogelea juu juu kwa kawaida hakukatazwi, lakini kupiga mbizi kwenye chemchemi ya Chemka au kwenye mifereji ya mifongo ni jambo la kumuuliza daktari kwanza. Mafuta ya moto yasimiminwe sikioni kamwe. Sikio likitoa usaha, asinunue matone yoyote dukani: yenye gentamaisini yanaweza kuharibu sikio la ndani yakipita kwenye tundu, ndiyo maana madaktari hupendelea ya siprofloksasini.

Na mzazi ambaye mtoto wake anaongeza sauti ya televisheni kila mara, anakoroma usiku, amechelewa kuongea au haitiki akiitwa kutoka nyuma, ampeleke akapimwe masikio kabla ya kumwita mkaidi.