Mbeleko ya kifuani: watoto njiti na baridi ya Rungwe

Sisi wa visiwani baridi yetu ni ya kusahau kuzima feni usiku. Tukuyu ni habari nyingine. Mji uko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, mvua karibu mwaka mzima, na ikifika Juni watu wanavaa makoti mchana. Mtu mzima ataongeza sweta. Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37, hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, joto linamtoka upesi. Akipoa anashindwa kunyonya, sukari inashuka, na pumzi inachoka.

Zamani huko Rungwe, mtoto wa namna hii alizaliwa katikati ya hofu. Monica Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1957 kwamba kuzaa pacha kulitisha ukoo mzima. Wazazi walitengwa mpaka matambiko yaishe, maana iliaminiwa wangewadhuru ndugu na ng'ombe. Na pacha, kama mnavyojua, ndio wengi wanaozaliwa mapema na wadogo.

Tusiwacheke. Kwetu hofu ina sura ya aibu: bi harusi akijifungua mwezi wa saba, vidole vinaanza kuhesabu. Jambo hili lina jibu la kale. Imepokewa kwamba zama za makhalifa mwanamke alijifungua miezi sita baada ya ndoa, akashitakiwa zinaa. Sayyidna Ali akamtetea kwa Qur'ani yenyewe: kubeba mimba na kuachisha ziwa ni miezi 30, kunyonyesha kumetajwa miaka miwili, basi mimba hubakiwa na miezi sita. Mama anayefichwa kwa aibu atachelewa kufika hospitali, na kwa njiti saa moja ni nyingi.

Wazungu nao walianza na joto. Miaka ya 1880 mjini Paris, daktari Stéphane Tarnier aliwaweka watoto kwenye sanduku la joto, wazo lililotokana na mashine ya kuangulia vifaranga. Sanduku hilo linataka umeme, fundi na vipuri. Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, Dk. Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi na masanduku machache, akawaweka kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo huduma ya kangaruu.

Kwa muda mrefu ilionekana dawa ya maskini. Kisha ukafanyika utafiti katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ukatolewa mwaka 2021. Watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, walifariki 12 katika kila 100. Waliosubiri kwanza hali itulie, karibu 16. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaagiza tusisubiri.

Kwa Rungwe hili ni kubwa. Kutoka Tukuyu hadi hospitali ya wazazi ya Meta, Mbeya, ni kama kilomita 70 za milima, na njia nzima kifua cha mama hakizimiki. Oksijeni na dawa vinabaki kuwa vya hospitali, hilo tusichanganye.

Mimi ni mshonaji, kwa hiyo nitasema la kitambaa. Mtoto huvaa nepi, kofia na soksi tu. Husimamishwa wima katikati ya maziwa, miguu imekunjwa kama chura, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi. Khanga inakaza kwenye kifua chake, si tumboni, na ukingo wa juu unafika chini ya sikio. Khanga mpya yenye wanga inateleza. Ifue mara mbili tatu kwanza.

Mwaka 2025 sheria ya kazi ilirekebishwa, mama wa njiti akaongezewa likizo. Vizuri, ila mchuma chai wa kibarua na sisi wa cherehani hatuna wa kumwandikia barua. Hapo ndipo wifi, mama mkwe na mume wanapoingia zamu: kifua chochote chenye afya kinampasha mtoto, na cha baba kimo.