UZI: Nani alisema duka na nyumba haviwezi kukaa pamoja?

1/ Kila msimu wa kampeni hoja hii hurudi. Vibanda vibomolewe ama viachwe? Ghorofa ziendelee kupanda Kilimani ama zizuiwe? Watu hurushiana maneno bila kuuliza mambo haya yalianzia wapi. Tukae chini kidogo.

2/ Reli ilifika Nairobi 1899. Karibu na stesheni likakua soko la Wahindi: mbele duka, nyuma familia. Tauni ilipozuka 1902, wakuu waliamuru soko lichomwe. Shida ilikuwa msongamano, uchafu na panya, lakini dawa iliyopendekezwa ikawa kutenganisha watu. Ripoti ya Profesa Simpson ya 1913 ilitaka kila rangi ipewe mtaa wake, kwa jina la afya.

3/ 1923 London ilikataa sheria ya kuwatenga Wahindi na Wazungu kimakazi. Kwa ground, masharti ndani ya hati za ardhi yaliendelea na kazi ile ile. Magharibi: uwanja mkubwa, nyumba moja. Mashariki: vyumba vya wafanyakazi karibu na reli na viwanda. Mwafrika, kipande shingoni, alichukuliwa kama mtu wa kuja kazini kisha arudi kwao. Alihitaji pa kulala tu. Biashara ya nini?

4/ Mpango mkuu wa 1948 ukagawa jiji kwa kanda: viwanda huku, ofisi pale, makazi kule. Wakati huo Nairobi ilikuwa na takriban watu 120,000. Sensa ya 2019 ilihesabu 4,397,073.

5/ Wananchi hawakungoja ramani. Buruburu ilijengwa kuanzia miaka ya 1970 kama nyumba za familia moja. Pita leo: kinyozi, duka la dawa, vyumba vya kupanga vimeongezwa mbele ya nyumba. Si ukaidi. Kama kazi iko mlangoni, hiyo ni nauli umeokoa. Mama mboga huweka meza pale watu wanaposhuka matatu kwa sababu wateja wako hapo.

6/ Lakini tusidanganyane. Baa ukutani mwa shule ni shida. Kuchomelea vyuma usiku kucha chini ya dirisha la mtoto ni shida. Na ghorofa kumi kwenye bomba la maji taka lililowekewa nyumba moja? Hiyo itafurika kwa jirani. Anayelalamika si lazima awe na maringo.

7/ Sheria ya mipango ya 2019 inasema anayetaka kubadilisha matumizi ya ardhi aombe kibali cha kaunti na autangazie umma. Hukuridhika na uamuzi? Kuna kamati ya rufaa ya kaunti, halafu Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ile notisi ukutani mwa ploti huwa inakuhusu. Isome.

8/ Kwa hivyo mjadala si "kuchanganya ama kutochanganya." Jiji limeshachanganyika. Swali ni kwa nini mchanganyiko wa tajiri huitwa maendeleo na wa maskini huitwa uchafu. Mgombea akikuahidi jiji safi, muulize mawili: bomba la maji taka litapanuliwa lini, na mama mboga atauzia wapi kesho yake? Akijibu moja tu, bado hajajibu.